Kutoka Studio hadi Camerapix: Upigaji Picha Kama Riziki Afrika Mashariki

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, upigaji picha ulikuwa biashara ya dukani kabla haujawa kazi ya habari. Huko Unguja, A. C. Gomes, mpigapicha mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo baadaye ilishikwa na mwanawe, Rohit. Studio, yaani chumba chenye pazia la nyuma, taa, na pembeni chumba cha giza cha kusafishia filamu, ilimngoja mteja aje mwenyewe akiwa amevaa nguo zake za sikukuu. Na kwa kuwa ufundi ulipokewa kwa baba au kwa bwana wa kazi, kijana asiye na ukoo katika biashara hiyo aghalabu alibaki mpigapicha wa ridhaa, yaani afanyaye kwa kupenda tu, bila kutarajia ujira.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza katika hali hiyo, akiwa mwanafunzi mwenye Box Brownie kuukuu, kamera ya sanduku ambayo karibu haina cha kurekebisha na kwa hiyo hudai jua la kutosha na watu wasiosogea. Mwaka 1963, akiwa kijana wa takriban miaka 20, alianzisha kampuni ya picha, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, Januari 1964, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya askari wa Tanganyika, na wahariri wa ng'ambo wakahitaji picha kwa haraka. Wako wanaoliita jambo hilo bahati, lakini bahati haielezi mengi: Amin alizoea kubeba kamera ya picha tuli pamoja na ya filamu, hivyo tukio moja liliweza kuuzwa kwa gazeti na kwa televisheni, na kampuni ndiyo iliyogeuza tukio kuwa malipo.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama ambazo fundi wa studio hakuzijua. Mwaka 1966 Amin aliwekwa kizuizini Zanzibar, kisha akahamishia shughuli zake Nairobi. Hata hivyo, picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizotangazwa na BBC Oktoba 1984 pamoja na taarifa ya mwandishi wake Michael Buerk, ziliamsha michango ya dunia nzima. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Camerapix, kama ile studio ya Oza, ikapita kwa mwana, Salim Amin.