Hodisum: Nchi ya Watu Juu ya Milima ya Chuma

Tunapoitaja Bara Hindi katika kurasa zetu huwa aghalabu tunazungumzia maneno: duka, gari, hundi, bima, chapati na mengineyo yaliyotufikia kwa jahazi. Walioyaleta walikuwa watu wa pwani ya magharibi, wa Gujarati na Kachchh. Katika makala haya tunakusudia kuipa mgongo pwani hiyo na kuingia bara, upande wa mashariki, katika nchi ambayo haikututumia hata neno moja, ila ina mambo ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuyatafakari.

Nchi hiyo ni wilaya ya Singhbhum Magharibi, iliyo kusini ya jimbo la Jharkhand, mpakani na Odisha. Mji wake mkuu ni Chaibasa. Eneo lake ni kilomita za mraba 7,224, na hesabu ya watu ya mwaka 1981 iliyofanywa chini ya Singhbhum moja haitatusaidia hapa, kwa kuwa wilaya iligawanywa mwaka 1990. Tutumie ile ya 2011, iliyoonyesha watu 1,502,338. Kati ya kila watatu, wawili walikuwa wa yale makabila ya asili ambayo katiba ya India imeyaorodhesha ili yapate ulinzi maalumu. Walio wengi miongoni mwao ni Waho.

Jina hili latutaka tusimame kidogo. Ho maana yake ni “mtu”. Jamaa zao Wamunda husema horo, na Wasantali husema hor, na maana ni hiyo hiyo. Sisi tulionyonya lugha za Kibantu, ambazo zimepewa jina lao kutokana na neno “watu”, hatuwezi kulisikia jambo hili bila kutabasamu. Nchi yao wenyewe huiita Hodisum, yaani nchi ya Waho, kwani disum ni nchi. Wageni waliiita Kolhan, nchi ya Wakol, na Kol lilikuwa jina la jumla walilopewa watu wa milimani, mara nyingi kwa dharau. Mwaka 1840 ofisa mmoja Mwingereza, Tickell, aliyekuwa ameishi nao, alichapisha maelezo marefu juu ya nchi hii na sarufi ya lugha yake, na katika kichwa cha maelezo hayo akatamka wazi kwamba jina Kolhan limetumiwa isivyo sawa. Hata hivyo ofisi za serikali ziliendelea kulitumia, na hadi leo Kolhan ndilo jina la eneo zima la utawala.

Tukitoka Chaibasa kuelekea kusini-magharibi tunaingia msitu wa Saranda, ambao wenyeji huueleza kuwa ni msitu wa vilima mia saba. Hatudhani kwamba kuna mtu aliyevihesabu. Mti unaotawala hapo ni sal, mti mrefu wa mbao ngumu, na haukosekani katika jambo lolote la maisha: majani yake hushonwa kuwa sahani, utomvu wake hufukizwa, mbegu zake hukamuliwa mafuta, na maua yake hutumika katika sikukuu ya Ba, sikukuu ya maua, ambayo kabla yake mtu hajivishi ua jipya. Ndovu hupita humo kutoka bonde hadi bonde. Mwaka 2001 Singhbhum ilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya ndovu katika India nzima. Mito ya Karo na Koina hukata mabonde na kuingia katika mto Koel.

Kwa Mho, kilima ni buru, na buru si udongo na mawe tu. Ndani yake hukaa bonga, yaani roho mwenye mamlaka ya mahali pale. Aliye juu ya mabonga wote ni Singbonga, na singi ni jua. Kila kijiji cha kale huacha kichaka cha miti ya sal ambacho hakikatwi, mabaki ya msitu uliokuwapo kabla ya jembe, ili wenye mahali wasikose makao. Kadhalika kila ukoo, ambao huitwa kili, una uwanja wake wa mawe. Mifupa ya marehemu huwekwa chini ya jiwe pana liitwalo sasandiri: sasan ni maziara, diri ni jiwe. Watu wa kili moja hawaoani wakiwa hai, na wakifa hulala pamoja. Mawe hayo ni ibada, lakini pia ni ushahidi, maana mwenye mawe ya babu zake kijijini ndiye mwenye kijiji. Kabla ya karani kufika na daftari, hati ya ardhi ilikuwa ni hiyo.

Sikukuu kubwa kupita zote ni Mage, inayoangukia kati ya Januari na Februari mavuno yakishaingia ghalani. Vijiji havisherehekei siku moja. Kila kimoja huchagua siku yake, ili jirani apate kuja kucheza kwa jirani, na hivyo ngoma huzunguka nchi kwa majuma mengi. Asili yake hutajwa kuwa ni mtu na mke wa kwanza, Luku, ambao Singbonga aliwafundisha kutengeneza pombe ya mchele. Katika siku hizo ulimi hufunguliwa, na maneno ambayo siku nyingine yangeleta faini hutamkwa hadharani mbele ya wazee. Wageni wa karne ya kumi na tisa waliandika juu ya jambo hili kwa mshangao mkubwa. Sisi tunaozijua ngoma zetu za unyago na za mavuno hatuoni ajabu kubwa hivyo.

Sasa tugeukie historia. Kwa muda mrefu Waho walijulikana kuwa watu wasioruhusu mgeni kulala katika nchi yao. Meja Roughsedge aliingia na askari wa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India mwaka 1820, akapokewa kwa mishale, na mwaka uliofuata wakalazimishwa kulipa nusu rupia kwa kila plau. Mnamo 1831 na 1832 yalizuka maasi makubwa ya makabila katika uwanda wote wa Chotanagpur, na chanzo chake kilikuwa ardhi kutiwa mikononi mwa wageni, wakopeshaji na wapangaji wa kodi. Baada ya maasi, Kapteni Thomas Wilkinson alitumwa kuitiisha Hodisum, na kazi hiyo aliifanya katika miaka ya 1836 na 1837. Hapo ndipo linapotokea jina la Poto Ho, aliyewaongoza wapiga upinde dhidi ya jeshi katika bonde la Seringsia mwishoni mwa 1837. Alikamatwa, na mwanzoni mwa 1838 akanyongwa pamoja na wenzake.

Lakini aliyeshinda vita aligundua kwamba hawezi kutawala kwa makarani wake. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, aitwaye munda, na kila kundi la vijiji, liitwalo pir, lilikuwa na manki. Kanuni za Wilkinson za mwaka 1837 ziliwaacha wakuu hao katika nafasi zao, wakusanye kodi na kuamua mashauri kwa baraza la wazee. Wako wanaomsifu Wilkinson kwa wema huo. Kwa maoni yetu halikuwa suala la wema. Utawala ulichukua kilichokuwapo kwa sababu kukivunja kungegharimu zaidi. Alimuradi mpango huo ulidumu kuliko Kampuni yenyewe na kuliko dola ya Kiingereza, na wamanki na wamunda wapo hadi leo. Sheria ya upangaji ardhi ya Chotanagpur ya mwaka 1908 iliongeza kinga nyingine kwa kuzuia shamba la mwenyeji lisiuzwe ovyo kwa mgeni.

Kinga hizo zote zilihusu uso wa ardhi. Chini yake palikuwa na jambo jingine. Milima ya Saranda ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za mawe ya chuma katika India. Wenyeji walijua tangu kale kuyayeyusha mawe hayo katika tanuri ndogo za udongo, kwa makaa ya miti na mivukuto ya miguu, wakafua majembe na vichwa vya mishale. Reli ilipopita katika miaka ya 1890, kwanza ilimeza miti ya sal kwa mataruma yake, kisha ikafungua njia ya mawe. Kiwanda cha Jamshedpur, kilichokuwa katika Singhbhum ya zamani, kilianza kutoa chuma cha pua mwaka 1912, na mgodi wake wa Noamundi ulifunguliwa mwaka 1925. Gua, Chiria na Kiriburu vilifuata au vilikuwapo tayari, na Meghahatuburu ukaja katika miaka ya 1980. Tulitazame jina hili la mwisho kama walimu: megha ni wingu, hatu ni kijiji, buru ni mlima. Mlima wa kijiji cha mawingu! Siku hizi ukilitamka, msikilizaji hufikiria behewa la mawe mekundu.

Wasomaji wetu wa Katanga hawahitaji kuelezwa yanayofuata mgodi. Mvua huteremsha vumbi jekundu katika vijito na kulilaza juu ya mashamba ya mpunga. Kazi nzuri hupewa waliosoma, nao walitoka mbali. Katika vilima vya Roro, karibu na Chaibasa, machimbo ya asbesto yalifungwa mwaka 1983 na mabaki yake yakaachwa mlimani, juu ya vijiji.

Mwaka 1978 ugomvi ulizuka juu ya miti. Wakati huo wilaya ilikuwa bado katika jimbo la Bihar, na shirika la misitu la serikali lilikuwa linakata misitu ya sal na kupanda misaji, kwa kuwa mbao za msaji zina bei. Msaji haumpi mwanakijiji mbegu wala jani la sahani, na chini yake hapaoti kitu cha kuliwa. Watu wakaingia na mashoka kuing'oa miche, wakisema sal ni Jharkhand na msaji ni Bihar. Tarehe 8 Septemba 1980 walikusanyika Gua kudai haki za msitu, kazi migodini na mashamba yaliyoharibiwa na maji mekundu. Polisi walifyatua risasi, mishale ikajibu, na watu wakafa pande zote mbili. Majeruhi waliopelekwa hospitali walipigwa risasi huko huko. Jimbo la Jharkhand lilizaliwa miaka ishirini baadaye, tarehe 15 Novemba 2000.

Tumeacha lugha mwisho, ingawa ndiyo iliyotuvuta. Kiho ni cha jamii ya Kimunda, tawi la mbali la lugha zinazojumuisha Kikhmer cha Kambodia na Kivietnamu. Hakina undugu na Kihindi. Hesabu ya 2011 ilipata wasemaji zaidi ya milioni 1.4. Kina umoja, uwili na wingi. Neno letu “sisi”, ambalo tumelitumia tangu mwanzo wa makala haya, lingetushinda kulifasiri, kwa kuwa Mho angetuuliza kwanza: ni abu, sisi pamoja na wewe unayesikiliza, au ni ale, sisi bila wewe? Au ni wawili tu, alang au aling? Tunakiri kwamba hatukuwahi kujiuliza.

Lugha hii iliandikwa kwa herufi za Kihindi, za Kiodia na za Kirumi, kila mwandishi na chaguo lake. Lako Bodra, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 1986, hakuridhika. Aliunda hati iitwayo Warang Chiti, akaifundisha kijiji kwa kijiji, akisema kwamba ni hati ya kale ya Waho iliyofunuliwa upya. Wataalamu hawakubaliani naye juu ya ukale huo. Sisi twaona kwamba swali hilo si zito kama linavyodhaniwa; tunaokumbuka mjadala wa herufi za Kiarabu na za Kirumi katika Kiswahili twajua kuwa hati huchaguliwa kwa sababu nyingi, na utaalamu ni mojawapo tu. Mwaka 2014 Warang Chiti ilitiwa katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta.

Serikali ya Jharkhand ilikitambua Kiho mwaka 2011 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za pili za jimbo. Katika Jedwali la Nane la katiba, lenye lugha zinazotambuliwa na nchi nzima, Kisantali kiliingizwa mwaka 2003. Waho wameomba nafasi hiyo mara nyingi, wakiandamana hadi Delhi, na wanaendelea kuomba.