Asilimia Ishirini ya Mgeni

Jumapili usiku, tarehe 18 Aprili 2021, habari ile ilitukuta kijiweni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, watu wameshafuturu, kahawa inazunguka, na jamaa mmoja mwenye simu nzuri kuliko zetu akaanza kutusomea kwa sauti. Klabu 12 kubwa za Ulaya zimetangaza kuanzisha ligi yao wenyewe: sita za Uingereza, tatu za Hispania, tatu za Italia. Benki ya Marekani, JPMorgan, imeshakubali kuwakopesha mabilioni ya euro. Timu zitakuwa 20, na kati ya hizo waasisi 15 hawatashuka daraja kamwe, hata wakifungwa kila wiki.

Ndugu msomaji, sitakudanganya. Mimi nilifurahi. Ni mshabiki wa Arsenal, na Arsenal ilikuwa kwenye orodha. Msimu uliotangulia tulishika nafasi ya 8, na msimu ule tulikuwa tunaelekea nafasi hiyo hiyo ya 8. Kwa miguu yetu wenyewe tusingefika popote Ulaya, sasa tunapewa kiti cha kudumu mezani pamoja na Real Madrid. Nani angekataa?

Mjomba wangu, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake, akauliza swali moja tu. "Na Forest wamo?"

Tulicheka sana. Mjomba ni mshabiki wa Nottingham Forest tangu enzi za redio ya mbao, na wakati ule Forest ilikuwa inahangaika daraja la pili. Hakukasirika. Akasema, "Chekeni tu. Hii siyo mara ya kwanza. Hata hiyo ligi mnayoangalia kila Jumamosi ilizaliwa hivi hivi." Kisha akaaga akaenda kuswali tarawehe.

Maneno yale yalinikaa kichwani. Mimi nimeishia kidato cha nne, na siku hizi nahangaika na riwaya yangu ya kwanza ambayo haijafika sura ya tano. Lakini kusoma napenda. Nikaanza kutafuta, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Ligi ya soka ya Uingereza ilianza mwaka 1888. Aliyeileta wazo ni muuza nguo wa Kiskoti aitwaye William McGregor, kiongozi wa Aston Villa ya Birmingham. Tatizo lake lilikuwa la kibiashara kabisa. Soka la kulipwa lilikuwa limeruhusiwa mwaka 1885, wachezaji wanadai mishahara kila wiki, lakini mechi zilikuwa za kubahatisha. Mnapanga kucheza na timu fulani, siku ikifika wao wako kwenye kombe lao, watu wamekuja uwanjani na hakuna mpira. McGregor akaandikia wenzake barua: tuchague timu kadhaa, tupange ratiba, tucheze nyumbani na ugenini. Zikakubali 12. Preston North End wakachukua ubingwa wa kwanza bila kufungwa mechi hata moja kati ya 22.

Wenye ligi waligundua mapema jambo ambalo muuza duka hana haja ya kulijua. Mwenye duka akimfilisi jirani yake, anabaki na wateja wote. Klabu ikimfilisi jirani yake, itacheza na nani? Kwa hiyo wakaweka kanuni za kuwabana wenye nguvu. Ya muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hii ya mapato ya mlangoni: kwa miongo mingi timu ya nyumbani ilikuwa inampa mgeni wake asilimia 20. Kama Burnley, timu ya mji mdogo wa viwanda vya nguo, imekwenda kucheza Old Trafford na milango ikaingiza pauni 10,000, basi Burnley walipanda basi kurudi kwao na pauni 2,000. Televisheni ilipokuja, pesa zake nazo ziligawanywa sawasawa kwa klabu zote 92 za madaraja yote manne. Bingwa wa daraja la kwanza na timu ya mkiani daraja la nne walipata kiasi kile kile.

Matokeo yake yako kwenye vitabu. Kuanzia 1960 mpaka 1969, yaani misimu kumi, ubingwa ulichukuliwa na klabu nane tofauti: Burnley, Tottenham, Ipswich, Everton, Liverpool, Manchester United, Manchester City na Leeds. Ipswich walikuwa ndiyo kwanza wamepanda daraja! Walipanda 1961, mwaka 1962 wakawa mabingwa. Na Forest ya mjomba walipanda 1977, wakachukua ubingwa 1978, kisha wakachukua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya 1979 na tena 1980. Mpaka leo ndiyo klabu yenye makombe mengi ya Ulaya kuliko ubingwa wa nchi yake. Kocha wao Brian Clough alikuwa mtu wa maneno makali, lakini maneno peke yake hayasajili wachezaji.

Hapa lazima nimpinge mjomba kidogo, maana wazee wana tabia ya kuusifia wakati wao. Ule usawa ulikuwa na mtu aliyeugharimia, naye ni mchezaji. Tangu 1901 kulikuwa na kikomo cha mshahara, pauni 4 kwa wiki, na mpaka kikomo hicho kinafutwa Januari 1961 kilikuwa kimefika pauni 20 tu. Viwanja vinajaa watu elfu hamsini, na anayewajaza anarudi nyumbani na mshahara unaokaribiana na wa fundi wa kiwandani. Zaidi ya hapo, mkataba wake ukiisha hakuwa huru kuondoka, klabu iliweza kumshikilia. Chama cha wachezaji kikiongozwa na Jimmy Hill kilitishia mgomo ndipo kikomo kikafutwa, na Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Mwaka 1963 George Eastham akashinda kesi mahakamani kuhusu ule utumwa wa mikataba. Sasa mtu akiniambia turudi enzi zile, namuuliza: urudi kama nani? Kama shabiki au kama winga wa Burnley?

Basi, milango ilipofunguliwa kwa wachezaji, wenye klabu kubwa nao wakaanza kuuliza maswali yao. Kwa nini tumlipe mgeni? Mwaka 1983 ile asilimia 20 ikafutwa, kila klabu ikaanza kubaki na mapato yake yote ya nyumbani. Sikuona popote kwamba watu waliandamana. Ilipita kama kanuni ndogo ya mahesabu. Mimi nadhani hapo ndipo kila kitu kilipoanza, lakini hakuna anayeikumbuka siku hiyo, kwa sababu haikuwa na bao.

Mwaka 1985 ulikuwa wa misiba. Moto wa Bradford uliua watu 56 mwezi Mei, na mwezi huo huo watu 39 wakafa Heysel, Brussels, klabu za Uingereza zikafungiwa kucheza Ulaya. Mapato yalishuka. Wakubwa wakatishia kujitenga, na kabla ya mwaka kwisha wakapewa walichotaka: daraja la kwanza sasa likawa linachukua nusu ya pesa za televisheni. Mwaka 1988 wakatishia tena, na mkataba mpya wa ITV wa pauni milioni 44 kwa miaka minne ukawapendelea tena wakubwa.

Unaona mchezo wenyewe? Ni kama mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi kwamba anahama. Hahami. Lakini kila akisema hivyo, kodi inapunguzwa.

Mwishoni mwa 1990 Greg Dyke, mkubwa wa televisheni ya London Weekend, aliwaalika chakula cha usiku viongozi wa klabu tano: Arsenal, Everton, Liverpool, Manchester United na Tottenham. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Tukijitoa na pesa za televisheni tukazigawana wenyewe, itakuwaje? Kulikuwa na sababu nyingine isiyo ya uchoyo mtupu, kwani baada ya msiba wa Hillsborough wa Aprili 1989, uliochukua jumla ya watu 97, viwanja vikubwa viliamriwa kuweka viti kila mahali na viti vinataka fedha. Ila jambo lililonishangaza ni Chama cha Soka, FA. Badala ya kuwazuia wakawabariki! FA walikuwa na ugomvi wao wa muda mrefu na viongozi wa ligi kuhusu nani ndiye mwenye mpira, wakaona hapa pa kumkomoa mwenzao. Wakaambiwa ligi mpya itakuwa na timu 18 ili timu ya taifa ipate nafuu. Ikaanza na 22. Ikapunguzwa mpaka 20 mwaka 1995, ikaishia hapo.

Tarehe 20 Februari 1992 Ligi Kuu ikaanzishwa. Mwezi Mei wakapiga kura kuhusu nani auziwe matangazo. Dyke wa chakula cha usiku alidhani mzigo ni wake. Kumbe Tottenham sasa ilikuwa mikononi mwa Alan Sugar, na kampuni ya Sugar ndiyo iliyokuwa ikitengeneza madishi ya Sky. Kura 14 zikaenda Sky, 6 zikapinga, na wakubwa wengine wote wanne walikuwa upande ulioshindwa. Mkataba ulitangazwa kuwa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, pamoja na sehemu ya BBC. Linganisha na zile milioni 44. Kufika mkataba wa 2016 hadi 2019, haki za ndani ya Uingereza peke yake zilifika pauni bilioni 5.1 kwa miaka mitatu.

Na wale 22 wa kwanza? Forest walishuka msimu ule ule wa kwanza, 1993. Baadaye walianguka mpaka daraja la tatu, na walirudi Ligi Kuu 2022. Oldham, mwasisi mwenzao, mwaka 2022 alianguka nje kabisa ya madaraja manne, akarudi daraja la nne 2025. Manchester City, baada ya kununuliwa na matajiri wa Abu Dhabi mwaka 2008, walichukua ubingwa mara 6 katika misimu 7 kati ya 2018 na 2024. Najua utaniambia Leicester 2016. Ndiyo, Leicester. Lakini kama jambo linakumbukwa kama muujiza, maana yake siyo kawaida, na kwa Ipswich na Forest lilikuwa karibu na kawaida.

Ulaya nako wimbo ulikuwa huo huo. Mwaka 1987 kura iliwakutanisha Real Madrid na Napoli ya Maradona raundi ya kwanza kabisa, Napoli wakatolewa. Silvio Berlusconi, mwenye AC Milan na vituo vya televisheni, aliona huo ni wendawazimu: utawezaje kumtoa Maradona kwenye skrini mwezi Septemba? Akaagiza uchorwe mpango wa ligi ya wakubwa. UEFA wakaogopa, wakaleta makundi. Mwaka 1998 kampuni ya Milan iitwayo Media Partners ikaja na mpango mwingine, UEFA wakaongeza timu mpaka 32. Kati ya vitisho hivyo viwili, hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 iliwapa wachezaji uhuru wa kuondoka bure mkataba ukiisha. Haki yao kabisa. Lakini Ajax waliokuwa mabingwa wa Ulaya 1995 na vijana waliowalea wenyewe wakatawanyika, na tangu hapo ni Porto tu, 2004, aliyelichukua kombe hilo akitoka nje ya nchi tano tajiri.

Turudi kwenye ile Aprili. Jumanne tarehe 20 mashabiki wa Chelsea walilizuia basi la timu yao nje ya Stamford Bridge, Petr Čech akatoka kuwaomba walipishe. Kufika usiku klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Saa 48 tu! Mpangaji safari hii alikuwa amefunga virago kweli, akafika barabarani, akaona mvua. Nami ile furaha yangu ya Jumapili nilishaificha, nikawa wa kwanza kijiweni kuwalaani. Mjomba alinitazama tu.

Miaka miwili baadaye tulikuwa wote tena, tarehe 20 Oktoba 2023, mbele ya runinga. Simba na Al Ahly wanafungua ligi mpya ya Afrika kwenye Uwanja wa Mkapa. CAF walipoitangaza Arusha mwaka 2022 walisema timu zitakuwa 24. Siku ya kuanza zilikuwa 8, zilizoalikwa. Watu wanashangilia, mpira ukaisha 2-2. Mjomba, ambaye ni Yanga, akanigeukia. Yanga walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka ule ule, na USM Alger waliowanyima kombe nao hawakuwemo.

"Mjomba," akaniambia, "hizi nane kazichagua nani?"

Nilikuwa na jibu, lakini mimi ni Simba, nikanyamaza nikaendelea kumenya karanga.