Nani Ana Ruhusa ya Kutia Kalafati?

Ukienda pwani ya Msuka, kaskazini kabisa mwa Pemba, wakati maji yametoka, unaweza kumkuta fundi kajiinamia ubavuni mwa chombo anashindilia pamba kwenye nafasi baina ya mbao. Chombo hakukiunda yeye. Lakini kalafati isipotiwa, msimu ujao kitavuja.

Nasomea kompyuta, na nikiulizwa "mtunzaji wa kifurushi" kwenye Linux anafanya kazi gani, jibu langu huwa ni huyo fundi. Hebu tuangalie programu moja ya baruapepe, Pine.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilipata baruapepe kwa njia ya FidoNet. Modemu ilipiga simu, ikapakia na kupakua fungu la barua, ikakata. Simu ilikuwa ghali, kwa hiyo barua ilikuwa maandishi matupu. Programu za kusomea barua za zama hizo nazo zilikuwa hivyohivyo: herufi kwenye skrini, hakuna picha wala kipanya. Pine, iliyoanzwa mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ilipendwa kwa sababu chini ya skrini ilikuandikia kabisa ubonyeze kitufe gani. Hata mgeni hakupotea.

Tatizo likawa kwenye leseni. Iliruhusu watu kuitumia, kuinakili, kuirekebisha na kuisambaza. Utasema, si ndiyo programu huria hiyo? Chuo kikasema hapana: kurekebisha ruksa, kusambaza ruksa, ila kusambaza *uliyoirekebisha* hakumo. Ugomvi mzima juu ya neno "na"! Kwangu mimi, tafsiri ile ilikuwa ya ubahili, lakini mwenye mali ndiye aliyesema.

Kwa mradi kama Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hilo lilikuwa pigo. Pale kila programu ina mtu wa kujitolea anayeichukua kutoka kwa mwandishi wake, anaiweka sawa na mfumo, anaziba matundu ya usalama, kisha anakupa ikiwa tayari. Kwa Pine asingeweza. Debian ikabaki kutoa msimbo asilia upande mmoja na viraka upande mwingine, ukaunganishe mwenyewe nyumbani. Ni sawa na kumwambia mvuvi: pamba hii, nyundo hii, fundi haruhusiwi kugusa chombo chako. Wengine wakahamia Mutt, ambayo Michael Elkins aliianza mwaka 1995 na leseni yake haina utata huo.

Mwaka 2006 chuo chenyewe kilibadili mwelekeo. Kikaanza kuiandika upya Pine kwa jina la Alpine, chini ya leseni ya Apache, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2007. Sasa sikia: mwaka 2008 chuo kikaacha kuiendeleza. Ingekuwa bado ni leseni ile ya zamani, nadhani hadithi ingeishia hapo. Badala yake Eduardo Chappa, aliyekuwa akiiandikia Pine viraka kwa miaka mingi, aliendelea nayo, na Debian ikaweza kuigawa ikiwa imeshaundwa.

Na kazi haiishi. Maktaba za usimbaji hubadilika, na vikusanyaji vipya hukataa msimbo uliopita bila neno zamani. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzifungia programu zilizoingia Gmail kwa nenosiri pekee. Alpine ilikuwa imeshafundishwa njia mpya ya kuingia, ila aliyebaki na toleo kuukuu alikwama mlangoni.

Mimi bado naitumia. Mtandao ukiwa wa kusuasua, naingia kwenye seva ya mbali na kusoma barua zangu humo, kwa sababu kinachosafiri hadi kwangu ni herufi tu.

Kama una kompyuta yenye Debian, andika `apt show alpine` uone jina la mtunzaji wa sasa. Kisha andika `apt changelog alpine`, ushuke taratibu: kila marekebisho yameandikwa hapo, pamoja na tarehe na jina la aliyeyafanya.