Kiingereza Kilichoingia kwa Sikio

Jina la nchi yetu lilipatikana kwa sikio. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani aliyeitwa Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakamba waliuita mlima huo Kiinyaa. Krapf alilisikia neno hilo, akalijaribu kwa ulimi wake, kisha akaliandika kama alivyodhani kuwa ndivyo linavyotamkwa. Katika maandishi yake likawa Kenia, na pengine Kegnia. Waingereza waliokuja baadaye walilipokea kama walivyolikuta, na leo ni jina la jamhuri nzima.

Wanafunzi wa shule za sekondari huambiwa mara nyingi kwamba njia nyepesi ya kujifunza Kiingereza ni kusikiliza mazungumzo ya kila siku: ya bei ya vitu, ya mvua, ya safari, ya maradhi, ya mpira. Shauri hilo ni jema, na mimi mwenyewe huwapa vijana ninaowafundisha kazi ya ualimu. Lakini lina sharti moja lisilotajwa. Kwanza hapana budi mazungumzo yenyewe yawepo, na pili hapana budi msikilizaji apewe nafasi ya kuketi karibu nayo na kutia neno lake. Historia ya Kitui na Makueni yaonyesha kwamba kwa muda mrefu masikio yalikuwepo na nafasi ilikosekana.

Tuanze na wakati ambapo nafasi ilikuwepo. Kabla ya ukoloni, misafara ya Wakamba ilikuwa ikichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Hapakuwa na kitabu cha kumfundisha Mkamba Kiswahili. Alijifunza kwa kupatana bei. Anayenunua hana budi kumsikiliza anayeuza, na anayeuza hana budi kumjibu. Neno likikosewa, hasara huonekana papo hapo, na somo halisahauliki. Krapf naye, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alijifunza lugha zetu kwa njia iyo hiyo ya kuuliza, kusikia, kukosea na kusahihishwa. Matunda yake yalichapwa mwaka wa 1850 huko Tübingen, nchi ya Ujerumani: kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, na Kikamba kimo. Mwaka uliofuata Kivoi aliuawa karibu na mto Tana walipokuwa safarini pamoja, na Krapf aliponea chupuchupu.

Lakini si kila sikio la mgeni lilikuwa jema. Waingereza walipojenga kituo chao karibu na nyumbani kwa mzee Masaku, walilitamka jina lake kwa namna yao, wakaandika Machakos, na mpaka hivi leo mji unaitwa hivyo. Nchi ya Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo ya Machakos hadi mwaka wa 1992, ilipofanywa wilaya peke yake. Mwanafunzi anayechekwa kwa matamshi yake na alikumbuke jina hilo. Yeye akikosa huandikiwa alama nyekundu. Wao walikosa wakaandika ramani.

Kiingereza chenyewe kiliingia Ukambani polepole. Mwaka wa 1891 wamisionari wa Kiskoti walikuja kukaa Kibwezi, kisha mwaka wa 1898 wakahamia Kikuyu. Mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Misheni ya Afrika Inland walipiga kambi Nzaui, na mwaka mmoja baadaye Scott akafa kwa homa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 ilipita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Ama upande wa Kitui, katika Ikutha na Mulango, wamisionari wa kwanza walikuwa Wajerumani wa Leipzig. Hivyo mtoto aliyetumwa kuni nyumbani mwao, kama alitega sikio, alisikia Kijerumani. Wamisionari hao wote, wa huku na wa huko, walijitahidi kujifunza Kikamba, kwa sababu walitaka kuhubiri. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka wa 1920. Kufundisha Kiingereza hakukuwa haja yao kubwa, na wengine walikuogopa, wakidhani kwamba kijana akikijua ataikimbia misheni na kwenda kutafuta mshahara wa ukarani.

Hata hivyo maneno ya wageni yalipenya. Shule ikawa sukulu, kitabu kikawa ivuku, gari la moto wa petroli likawa mutokaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na Wakamba wakiwamo. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilibaki midomoni mwa watu likawa Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Maneno hayo hayakupitia ubaoni, na ndiyo sababu yamevaa sauti za wenyeji kama nguo iliyoshonwa na fundi wa kijijini.

Nafasi kubwa ya kusikia Kiingereza ilikuwa katika nyumba za Wazungu, na hapo ndipo jambo lenyewe linapotatiza. Vijana wengi wa Ukambani walikwenda kufanya kazi Nairobi, katika nyumba na katika mashamba ya masetla, wawe wapishi, maboi, madobi na yaya. Mtu angetazamia kwamba baada ya miaka kumi ya kusimama nyuma ya kiti cha bwana wakati wa chakula, mtumishi angekuwa bingwa wa Kiingereza. Mezani palizungumzwa bei ya mahindi, ukame, ugonjwa wa ng'ombe, watoto waliopelekwa shule Uingereza, na habari za jirani. Mada hazikuhesabika. Lakini hakuna sentensi hata moja miongoni mwa hizo iliyoelekezwa kwake. Alipogeukiwa, lugha ilibadilika: alisemeshwa kwa kile Kiswahili cha masetla kisichojali ngeli wala adabu, ambacho karibu chote kilikuwa ni amri. Lete. Ondoa. Upesi. Mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Yaani palikuwa na juhudi ya makusudi ya kumwezesha Mzungu aagize kwa Kiswahili.

Tena, masetla wengi walichukia kusikia Mwafrika akiwasemesha kwa Kiingereza. Walimwona kuwa mjuvi. Aliyesalimu kwa Kiingereza alijibiwa kwa Kiswahili, na maana ya jibu hilo aliielewa kila mtu. Basi mtumishi mwenye akili alijifunza kuelewa huku akijifanya haelewi. Sisi walimu twajua kwamba kuna lugha aijuayo mtu kwa kusikia, na kuna lugha awezayo kuitamka. Ya kwanza siku zote huwa kubwa kuliko ya pili. Lakini kwa watu hawa tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa kama bonde. Kilichowakosesha kusema hakikuwa ubutu wa akili. Kilikuwa kwamba hawakuulizwa neno.

Hasara ya hali hiyo ilidhihirika mwaka wa 1938. Serikali iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikisema kwamba ardhi imeharibika, na ng'ombe walikamatwa na kuuzwa. Mwezi wa Julai umati wa Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, ukiongozwa na Muindi Mbingu, ulikwenda Nairobi kumwona Gavana. Mkamba hakuhitaji mwalimu wa kumweleza thamani ya ng'ombe wake. Lakini malalamiko yaliyotakiwa kufika London hayakuweza kwenda kwa Kikamba. Yalipelekwa kwa barua na kwa simu ya maandishi, katika Kiingereza, na wale wachache walioweza kukiandika, pamoja na waliowasaidia kutoka jamii ya Wahindi, wakawa ndio mdomo wa maelfu. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu mwaka uo huo, lakini serikali ililegeza amri yake ya kuuza ng'ombe kwa nguvu. Tangu hapo haikuwa vigumu kumwelewesha mzazi wa Ukambani kwamba Kiingereza cha kupokea maagizo hakitoshi, na kwamba kinatakiwa Kiingereza cha kubishana.

Vita ya Pili ya Dunia ilileta jambo jipya. Wakamba walikuwa miongoni mwa waliojiunga kwa wingi na jeshi la King's African Rifles. Lugha ya kambi katika jeshi hilo ilikuwa Kiswahili, na afisa Mwingereza ndiye aliyelazimika kukisoma. Lakini vita vya mitambo vilihitaji madereva, mafundi, wauguzi na watu wa simu za upepo, na mtu wa simu ya upepo hawezi kuonyesha kwa kidole. Sauti inamjia bila uso. Ni lazima aielewe, na ni lazima aijibu, la sivyo watu watakufa. Mwaka wa 1942 pakaundwa kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, na masomo ya Kiingereza yakafika mpaka mahemani. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikateremka bonde la Kabaw mvua zikinyesha na malaria ikiua. Huko askari wengi wa kwetu walikutana kwa mara ya kwanza na Waingereza wasiokuwa mabwana: askari wa kawaida waliofua soksi zao wenyewe, walionung'unikia chakula, waliotamani barua za nyumbani. Kiingereza cha watu hao hakikuwa safi kama cha vitabu. Lakini kilikuwa mazungumzo, na mazungumzo humngoja mwenzi.

Shule zilikawia kuliko jeshi. Katika shule za msingi Kikamba kilitangulia, na Kiingereza kilikuja madarasa ya juu, ambayo watoto wengi hawakuyafikia. Mwaka wa 1957 idara ya elimu ilianzisha kituo maalum mjini Nairobi cha kutengeneza njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nia ya njia hiyo ilikuwa nzuri: mtoto asikie na ajibu kabla ya kusoma, acheze duka, ahesabu vizibo, aulize na aulizwe. Tume ya Profesa Ominde ya mwaka wa 1964 iliiunga mkono. Ikaenea kwa haraka kuliko walimu walioweza kuitenda, na katika shule nyingi za vijijini duka likabaki jina na vizibo vikapotea. Pakabaki kibao. Wasomaji wenye wazazi wa makamo na wawaulize: aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Siwezi kukitetea kibao hicho kwa hoja yoyote. Kilimfundisha mtoto kusikiliza sana, ni kweli, lakini alisikiliza ili amnase rafiki yake. Naye mwenyewe alijifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza. Mwaka wa 1976 tume ya Gachathi ilipendekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali.

Mazungumzo ya kwanza ya Kiingereza ambayo mwanakijiji hakufukuzwa alipoyasikiliza yalikuwa ya redio. Utangazaji ulianza Kenya mwaka wa 1928, kwa faida ya masetla. BBC ilianza kufundisha Kiingereza hewani mwaka wa 1943. Lakini redio ilikuwa chombo cha tajiri mpaka zilipokuja zile ndogo za transista, na mwaka wa 1964 idhaa ya serikali ikaitwa Sauti ya Kenya. Mawe ya redio yalipodhoofu, yalianikwa juani yapate uhai wa siku mbili zaidi. Kulikuwa na habari, michezo ya kuigiza, vipindi vya shule, na watu wawili wakizungumza juu ya mbolea au chanjo ya kuku. Redio, hata hivyo, haijibu. Aliyenufaika nayo zaidi ni yule aliyekuwa na mwenziwe wa kurudia naye yaliyosemwa, na kubishana kama ilikuwa neno hili au lile.

Sikio lililofunzwa nyumbani halikosi kazi ugenini. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Akasoma Alliance, akaenda Makerere, na mwaka wa 1963 akapata shahada ya udaktari Cambridge. Kabla ya kujulikana duniani kwa vitabu vyake vya dini na falsafa alikusanya hadithi za Wakamba zipatazo elfu moja na mia tano, na baadhi yake akazitoa kwa Kiingereza mwaka wa 1966. Wasimulizi hawakumwandikia, walimsimulia. Mwaka wa 2014 tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoitoa moja kwa moja katika Kigiriki, ilichapishwa, na mwaka wa 2019 akafariki.

Kwa miaka mingi mtihani wa KCSE umekuwa na sehemu ya stadi za kuzungumza Kiingereza yenye alama thelathini katika karatasi ya kwanza. Mtahiniwa huulizwa neno lipi latamkwa sawa na lipi, ataitoa sauti vipi akisoma shairi, atamjibu nini mgeni kwa adabu. Hujibu yote hayo kwa kalamu, chumba kikiwa kimya, na msimamizi akipita kuhakikisha kwamba hakuna anayezungumza.