Hesabu za Uteuzi wa Asili na Deni Langu la Bwenini

Kamati ya jarida imeniomba niandike machache juu ya historia ya sayansi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili. Hata hivyo liko jambo moja la hesabu ninalolibeba tangu kidato cha tatu, na nadhani mahali pake ni hapa.

Bwenini kwetu alikuwapo mwenzetu mwenye ugonjwa wa sikoseli. Usiku wa baridi viungo vilimuuma mpaka akalia. Siku moja, baada ya somo la biolojia, nilimwambia mbele ya wenzetu kwamba asili huchagua walio bora, na yeye hakuchaguliwa. Tulicheka. Yeye hakusema neno.

Nilipofika chuo kikuu niligundua kwamba somo lenyewe sikulijua. Darwin alitoa nadharia yake mwaka 1859 bila mlinganyo hata mmoja. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alimpinga: ikiwa sifa za wazazi huchanganyika kama rangi, sifa mpya itafifia kabla ya kuenea. Jibu lilitokana na kazi ya Mendel: jeni hazichanganyiki, bali hurithiwa zikiwa nzima. Juu ya msingi huo R. A. Fisher na J. B. S. Haldane wa Uingereza, na Sewall Wright wa Marekani, walijenga hesabu za uteuzi. Mwaka 1922 Fisher alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni akiwazidi wasio nayo na wenye nakala mbili, jeni hiyo haitoweki.

Tuchukue mfano wa watoto 100 mahali penye malaria kali. 81 hawana jeni ya sikoseli, 18 wana nakala moja, na 1 ana mbili. Huyo ndiye mgonjwa. Jumla ni nakala 200: 180 za kawaida na 20 za sikoseli. Tuseme malaria inaua 9 katika wale 81, na mgonjwa naye anafariki. Zimepotea nakala 18 kati ya 180, na 2 kati ya 20. Kila upande umepoteza sehemu moja katika kumi, kwa hiyo uwiano haubadiliki.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu wa Afrika Mashariki mwaka 1949. Karibu na pwani na Ziwa Viktoria alikuta wenye nakala moja wakizidi 20 katika 100. Katika nyanda za juu hawakufika hata 1. Mwaka 1954 alitangaza kwamba nakala hiyo moja hukinga dhidi ya malaria.

Basi nani aliye bora? Mlinganyo haulijui neno hilo. Unahesabu wanaobaki mahali fulani, wakati fulani; malaria ikiondoka, jibu hubadilika. Fisher mwenyewe, katika kitabu chake cha 1930, alitetea kwamba watu aliowaona bora wazae zaidi. Hukumu hiyo aliileta yeye, haikutoka katika hesabu.

Wadogo zangu mlio madarasani, jifunzeni hesabu hizi, lakini msizitumie kumpimia mtu thamani. Mwenzetu yule alikuwa akilipa kwa maumivu yake gharama ya kinga iliyowaokoa wengi. Kama anausoma ukurasa huu, namwomba radhi mbele ya wenzetu, kwa kuwa nilimkosea mbele yao.