Ndege Ndogo ya Mafunzo Iliyopangua Foleni ya Kwenda Mwezini

Ukitaja safari ya Mwezini, kila mtu anakumbuka ile picha ya jamaa mwenye suti nyeupe amesimama kwenye vumbi. Wachache wanajua kwamba jamaa yule pengine asingekuwepo pale kama ndege moja ndogo ya mafunzo isingeanguka ikijaribu kutua.

Iko hivi. Jumatatu asubuhi, tarehe 28 Februari 1966, wanaanga wanne wa NASA waliondoka Houston, Texas, kwenda St. Louis, Missouri. Walipanda ndege mbili za T-38, zile za mafunzo zenye viti viwili. Ya kwanza ilibeba wawili waliopangwa kuruka na chombo cha Gemini 9. Ya pili ilibeba wawili wa akiba wao. Huko St. Louis kilikuwepo kiwanda cha McDonnell kilichokuwa kikitengeneza chombo chenyewe, na walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi.

Hali ya hewa ilikuwa mbaya: mvua, theluji, ukungu, na mawingu yameshuka chini kabisa. Ndege zote mbili zilipotoka mawinguni, marubani wakajikuta wamechelewa, hawawezi tena kutua kwa mkupuo ule.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Rubani wa ndege ya pili akafuata utaratibu: akapanda juu, ajipange upya. Rubani wa kwanza akaamua kubaki chini ya mawingu na kuzunguka kushoto ili asiupoteze uwanja machoni.

Kwenye kona ile alikuwa chini mno na mwendo umepungua. Dakika ya mwisho akaongeza nguvu ya injini na kukata kulia kwa kasi, lakini wapi! Ndege ikagonga paa la jengo namba 101 la McDonnell, ikaangukia upande wa pili na kulipuka. Wote wawili wakafa palepale. Mmoja alikuwa na miaka 38, mwenzake 34.

Kinachouma zaidi ni kwamba ndani ya jengo lilelile ndimo kilimokuwa chombo chao cha Gemini 9. Chenyewe kilipona. Uchunguzi ukasema ni kosa la rubani.

Wale wa akiba wakatua salama baadaye, na wakarithi safari. Waliruka Juni 3 mwaka huohuo. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa mtu wa mwisho kuacha nyayo Mwezini, Desemba 1972.

Mambo hayakuishia hapo. Wawili waliokuwa akiba wa Gemini 10 wakasogezwa kuwa akiba wa Gemini 9. Kwa zamu za NASA, akiba wa 9 walikuwa wanaruka na 12. Akiba wa 10 wangesubiri 13, na Gemini 13 haikuwepo kabisa. Mmoja wa hao wawili akapata uzoefu wake Gemini 12, na Julai 1969 akawa mtu wa pili kukanyaga Mwezi. Ndiye yule wa kwenye picha.

Na wale wawili wa St. Louis? Mwaka 1971, wanaanga wa Apollo 15 waliacha Mwezini kibao chenye majina 14 ya wenzao waliotangulia. Yao yamo. Walifika majina tu.