Kutoka uzi hadi mshipa wa mguu: Jinsi upasuaji ulivyoifikia ateri chini ya fuvu

Mwezi Juni 1808, katika Hospitali ya Guy's jijini London, daktari Astley Cooper alimpasua mchukuzi wa mizigo aliyekuwa na uvimbe unaodunda shingoni. Ukuta wa ateri ya karotidi, ipelekayo damu kwenye ubongo, ulikuwa umedhoofika na kututumka. Maradhi hayo huitwa aneurizimu, na uvimbe ukipasuka mtu anaweza kufa papo hapo. Dawa ya usingizi haikuwapo bado. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 1846. Mgonjwa akiwa macho, Cooper aliipata ateri chini ya uvimbe, akaifunga kwa uzi.

Alijua anachothubutu kukifanya. Mwaka 1805 alimfanyia vivyo hivyo mwanamke wa miaka 44, naye akafariki baada ya wiki chache. Safari hii mgonjwa alipona, akarudi kazini, akaishi hadi 1821.

Siri ya kupona kwake ilikuwa imeshaelezwa na Thomas Willis mwaka 1664. Damu hupanda kichwani kwa ateri nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, na matawi yake huungana chini ya ubongo kama duara. Njia moja ikizibwa, nyingine huweza kuibebea mzigo. Tatizo ni kwamba duara hilo si kamili kwa kila mtu. Kwa hiyo, katika karne nzima iliyofuata, wapo waliofungwa ateri wakasalimika, na wapo waliopooza upande mmoja au kupoteza usemi. Rudolph Matas wa New Orleans alishauri ateri ibanwe kwanza kwa kidole kutoka nje, mgonjwa aangaliwe kama anahimili, ndipo kisu kishikwe.

Mwaka 1927, mjini Lisbon, Egas Moniz alipiga eksirei mishipa ya ubongo baada ya kuingiza dawa inayoonekana kwenye picha. Miaka kumi baadaye Walter Dandy, katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alilibana shina la aneurizimu ya karotidi ndani ya fuvu kwa kibanio kidogo cha fedha. Ateri yenyewe aliiacha wazi, na mgonjwa akapona. Hapo ndipo lengo lilipobadilika: kuondoa hatari bila kuunyima ubongo damu.

Palibaki mahali pagumu kuliko pote, pale karotidi inapoingia kwenye mfupa wa fuvu. Uvimbe ukiwa katikati ya shingo, daktari huweza kuibana ateri chini na juu yake. Ukiwa chini ya fuvu, ncha ya juu imefichwa na taya na mfupa, na kandokando zimepita neva za sauti, za kumeza, za ulimi na za uso. Neva moja ikiumia, mgonjwa hutoka salama lakini sauti imekauka, au kila tonge linampalia.

Katika miaka ya 1970, Ugo Fisch, mpasuaji wa masikio mjini Zurich, alifungua njia ya kupitia nyuma ya sikio. Mfupa huchimbwa kidogo kidogo kwa keekee ndogo, neva ya uso huhamishwa taratibu, na taya husogezwa mbele mpaka ateri ionekane ikiwa ndani ya mfupa. Kwa njia kama hiyo, kipande kibovu huweza kukatwa na pengo kuzibwa kwa mshipa uliotolewa mguuni kwa mgonjwa mwenyewe, ukishonwa kwa ufundi ulioasisiwa na Alexis Carrel, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Siku hizi wagonjwa wengi hawafiki huko. Mrija mwembamba hupitishwa kutoka kwenye kinena hadi shingoni, ukaacha stenti inayoimarisha ateri kwa ndani. Hata hivyo, uvimbe mkubwa au uliopinda vibaya bado humhitaji mpasuaji.

Maarifa yote haya hayamfai aliyechelewa. Aneurizimu ya shingoni imewahi kudhaniwa jipu, na kuitumbua ni kumuua mgonjwa. Ukiona uvimbe unaodunda shingoni, usiukande wala usiukate. Nenda hospitali ukapimwe kwa altrasaundi kwanza.